Mrejesho: 486 ya Bukavu sasa inawaka na FreeDOS

Wandugu, niliuliza kwa nini FreeDOS, ule mfumo huria unaofuata MS-DOS, inagoma kuwaka kwenye 486, kompyuta ya zamani, yenye kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash badala ya diski: mshale unapepesa tu, basi. Mliosema kosa ni jiometri (hesabu ya silinda, vichwa na sekta za diski) mlikuwa sahihi.

Kadi iligawanywa kwenye kompyuta mpya kupitia kisomaji cha USB, kikaandika vichwa 255. BIOS ya zamani, programu inayowasha mashine, inahesabu 16, kwa hiyo inatafuta sekta mahali pasipo pake. Dawa ni kugawanya upya ndani ya mashine hiyohiyo. Washa kwa disketi, fungua FDISK (programu ya kugawanya diski), futa patisheni (sehemu iliyogawanywa), unda mpya isiyozidi MB 504 (silinda 1024 × vichwa 16 × sekta 63), ifanye kuwa ya kuwakia (active) kwa namba 2 ya menyu. Kisha FDISK /MBR (inaandika upya msimbo wa kuwasha ulio mwanzoni mwa diski), zima na uwashe tena kabla ya FORMAT C:, halafu SYS C: (inanakili mfumo kwenye kadi). Hiyo ya kuzima wengi huiruka, wakaishia kufomati kwa jedwali la zamani.

Kibodi zetu za AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) ni kero hapo: mashine bado inazisoma kama QWERTY (mpangilio wa Kimarekani). Mkwaju (/) uko kwenye kitufe cha !, M iko kwenye mkato (,), nukta mbili (:) ni Shift na M. Baadaye weka KEYB FR (amri ya kibodi ya Kifaransa) ndani ya AUTOEXEC.BAT, faili linalosomwa kila mashine ikiwaka, na KEYBOARD.SYS ikae folda moja na KEYB.

Betri ya BIOS ikifa, umeme ukikatika jiometri inapotea na mshale unarudi kupepesa. Badilisheni mapema.