Tupeane uzoefu: ziara za Spice Girls, Blackpink na wenzao zilikukuta wapi?

Nyar Mamboleo
Jana jioni niko kwenye matatu natoka Kondele, dereva kijana ambaye wakati ule hata hakuwa amezaliwa, akapiga "Wannabe" ya Spice Girls. Mama mmoja pale mbele, kapu la omena mapajani, akaushika wimbo neno kwa neno. Sisi wengine wa rika lake tukageukia dirishani kama watu wanaodaiwa. Mwisho nami nikashindwa, nikaingilia kiitikio. Nilipitiliza steji yangu makusudi ndiyo uishe vizuri.

Basi tupeane uzoefu. Si lazima uwe ulifika uwanjani, wengi wetu hatukufika popote. Naanza.

1998 nilikuwa kidato cha pili, bweni, shule sitaitaja. Kona yetu tulilala watano na kila mtu alikuwa na cheo, majina ya utani ya wale watano wa Spice Girls: Posh, Sporty, Scary, Baby, Ginger. Ziara yao ilianzia Dublin mwezi wa pili mwaka huo, na sisi tuliifuata kwa redio na kwa magazeti ya kufungia mandazi kama watu wanavyofuata Safari Rally: leo wako wapi, kesho wanalala wapi. Tarehe 31 Mei ikatangazwa Geri, yaani Ginger mwenyewe, ameacha kundi, na Marekani bado hawajaenda. Ginger wetu alilia hadi matroni akamvuta kando kumuuliza amefiwa na nani. Akajibu, "Geri." Matroni akadhani ni babu. Akamwambia alale, akamletea chai ya maziwa, akamfariji kwamba wazee nao huchoka.

Omwana wa Butere
Chai ya maziwa bwenini? Huyo alifaidi. Sisi tulifiwa kweli na tukapewa uji.

Mtoto wa Shabab
Nakuru hapa. Wangu alikuwa Baby. Picha yake niliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, mkaguzi akaibandua, nikaibandika tena. Sina la kuongeza.

Blink 042
Shikamooni wakubwa. Ila tusemezane ukweli, kundi la wasichana ni Blackpink. Ziara yao ya Born Pink ilianza Seoul Oktoba 2022, ikazunguka dunia, ikarudi kufungia Seoul Septemba 2023. Mwaka 2025 wakasimama Wembley, London, usiku mbili. Jisoo, Jennie, Rosé, Lisa, wanne tu na hawahitaji wa tano. Nyinyi wenu walipungua mmoja, dunia ikasimama.

Mzee wa Kibuye
Marahaba. Kijana, hata hao wako wamekuta Wembley imeshafagiliwa. Septemba 1998 wetu walifungia ziara yao palepale, na ni ule uwanja wa zamani, wa minara, uliobomolewa. Kaa chini, kunywa maji.

Blink 042
Kufagia si kuimba.

Nyar Alego ughaibuni
Mimi nilifika. Juni 2019, Wembley, Spice Girls wanne bila Victoria (Posh), shoo 13 tu Uingereza na Ireland. Nafanya kazi ya uuguzi huku, nilitoka zamu ya usiku nikapanda treni na sare ndani ya mfuko. Walipoanza kuimba nilipiga simu Siaya kwa mwenzangu wa dawati, nikainua simu juu asikie. Baadaye akaniambia alisikia upepo na mimi nikilia. Dakika kumi na moja za simu ya kimataifa.

Mtoto wa Shabab
Angalau ulilia Wembley. Sisi tulilia Kaptembwa.

Mama Taji, Lurambi
Sikujua kama nitaandika hapa, mimi nyimbo hizi si zangu, mimi ni wa kwaya. Lakini huyo Blink amenikumbusha.

Januari 2023 nilikuwa kadama, mfanyakazi wa ndani, huko Riyadh, mwaka wangu wa pili. Mabinti wa ile nyumba ni watatu, mdogo ana miaka tisa. Wiki nzima nyumba haikulala: Blackpink wanakuja. Mama mwenye nyumba akaniambia nitawasindikiza, kazi yangu ni mbili, kubeba mikoba na kumshika huyo mdogo. Nikaambiwa mara tatu. Mkono wake usiuachilie.

Tulifika mapema. Watu wengi kama Krismasi pale steji ya Kakamega, tofauti hawa wananukia udi. Kila mtoto ameshika kitu kama nyundo chenye mioyo miwili ya waridi inayowaka. Taa zikazimwa. Niseme nini, jamani, ukisikia watoto maelfu wakipiga mayowe kwa pamoja gizani, hata kama ni furaha, mwili wako haujui kama ni furaha. Nilishtuka, nikaziba masikio. Kwa mikono miwili.

Taa ziliporudi mdogo hayupo.

Nilizunguka. Dada zake hawasikii, wamepanda viti. Nikaita jina lake, sauti yangu mwenyewe siisikii. Mbele kule wale wasichana wanacheza, moto unatoka jukwaani, na mimi nawaza: pasipoti iko kabatini kwa mama, simu yangu ina salio la siku moja, Taji ana miaka minne na yuko kwa bibi yake Lurambi. Niliwaza nitafungwa. Niliwaza hata ni gereza gani. Nikaanza kuomba kwa Kiluhya, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Nilimkuta safu ya nne nyuma yetu, amekalia mabega ya kadama mwingine, Mfilipino, wanaimba wote wawili macho yamefumba. Yule dada alikuwa anajua kila neno, la Kikorea pia. Nilimshika mguu yule mtoto nikashindwa kuongea. Mfilipino akaniangalia, akaelewa yote, akanipa nyundo yake nishike. Hatukuwa na lugha moja zaidi ya yale maneno ya Kiarabu ya jikoni, "haraka", "maji", "safisha". Nikashika. Wimbo uliofuata nikaipeperusha. Ule baada yake niliruka, Mungu anisamehe, na mikoba mitatu shingoni.

Ile nyundo hakuichukua tena. Ninayo hapa Lurambi. Stima ikipotea, Taji anaitumia kwenda chooni.

Nyar Mamboleo
Mama Taji. Nimesoma mara mbili.

Blink 042
Mama, una nyundo HALISI na inatumika kwenda chooni?? Nainunua. Taja bei.

Mama Taji, Lurambi
Haiuzwi. Choo ni mbali.

Omwana wa Butere
Mnawasahau wa nyumbani. Blu*3 walitokea kwenye lile shindano la Popstars la 2004, Cindy, Jackie na Lilian, kutoka hapo Uganda tu. Nilivuka Busia kwa boda ya baiskeli kwenda kuwaona, nikalala kwenye mabenchi, nikarudi na malaria. Hakuna viza, hakuna treni ya Wembley.

Jakom Nyalenda
Na Tattuu je? Ama kwa sababu ni wa kwetu hapahapa hawahesabiki?

Omwana wa Butere
Nani amesema hawahesabiki? Anzisha hadithi yako basi, badala ya kuuliza.

Jakom Nyalenda
Sina hadithi, nina swali.

Blink 042
Naomba ushauri wa kweli. Mtu akitaka kuwaona Blackpink, kutoka Kisumu, anaanzia wapi?

Mzee wa Kibuye
Anzia kwa kumaliza shule.

Nyar Alego ughaibuni
Pasipoti kwanza. Watu wanaweka akiba ya tiketi miaka miwili na pasipoti hawana. Tiketi zenyewe huisha kabla hujaamka.

Mtoto wa Shabab
Usihangaike na pasipoti, wekeza kwenye spika kubwa na dirisha dogo. Ni uleule mlio.

Kaka wa Free Area
Msimpotoshe. Mimi niliwahi kuwa na pasipoti, akiba na likizo ya kazini. 2007 Spice Girls walitangaza wanarudi, na kwenye orodha ya kwanza kulikuwa na Cape Town, Januari 2008. Afrika! Nilikuwa nimeuza pikipiki. Baadaye Cape Town ikafutwa, ziara ikaishia Toronto Februari. Lakini hata wasingeifuta. Januari 2008, na zile ghasia za baada ya uchaguzi, kutoka Nakuru ningepitia barabara gani? Tulikuwa tumelala kanisani na magodoro. Dada yangu alikuwa na simu yenye redio, na kati ya taarifa ya habari na nyingine waliweka wimbo wao mmoja, ule wa taratibu. Hakuna aliyesema azime.

Pikipiki sikuwahi kuirudisha.

Nyar Mamboleo
Pole, kaka. Sikujua uzi huu utafika huko.

Scary wa Section 58
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Acheni niseme jambo nililokaa nalo miaka yote hii. Spice Girls walikuja Kisumu. Juni 1998. Mimi ndiye niliyekuwa Scary.

Nieleze. Nakuru tulikuwa na kikundi cha maimu, wasichana watano. Wakubwa wanakumbuka: kanda inaimba, wewe unachezesha midomo na miguu, majaji wanatoa alama. Tulikuwa wazuri, sijisifu. Akaja jamaa wa suti ya krimu, ana shoo Kisumu, elfu moja kwa kila mtu, nauli na chakula juu yake. Viatu vya soli ndefu alitutengenezea fundi mmoja kwa kubandika slipa tatu tatu. Gauni la bendera ya Uingereza halikupatikana, fundi cherehani akaunga leso nyekundu na kitambaa cha sare ya shule. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata gauni lenyewe la Geri lilianza na kitambaa cha kukaushia vyombo, kwa hiyo hatukuwa mbali.

Tukapanda Nissan. Mashimo ya El Niño kila mahali, Sporty alitapika kuanzia Londiani hadi Awasi. Tunaingia Kisumu, ukutani ndipo tunaliona bango. Picha zao za kweli. Jina lao la kweli. "Moja kwa moja kutoka Uingereza." Nikamuuliza yule jamaa, kwani na wao wanakuja? Akanitazama kama mtoto mzito. "Si ndio nyinyi."

Tungetoroka, lakini nauli alikuwa nayo yeye. Ukumbi ulijaa. Akaagiza taa zizimwe karibu zote. Baby akapakwa poda ya watoto kutoka paji la uso hadi vidoleni. Wimbo wa kwanza ukapita, na niwaambie, kwa dakika tatu hivi watu waliimba na sisi. Wengine waliamini, wengine waliamua kuamini, nilikuwa nawaona nyuso. Sijawahi kupendwa hivyo tena.

Wimbo wa pili, katikati, mtu akasimama juu ya benchi akapaza sauti: "Huyo Ginger si alitoka! BBC imesema alitoka! Mbona hapo wako watano?" Ukumbi mzima ukaanza kutuhesabu. Kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Walipofika tano chupa ya kwanza ikatua.

Wenyewe wa kweli wiki ileile walikuwa wameanza Marekani, kule Florida, wakiwa wanne. Sisi Kisumu tulikuwa kamili.

Mama wa jikoni ndiye aliyetuokoa, alitufungia kwenye stoo ya makaa. Ilikuwa Kombe la Dunia, watu wakahamia kwenye runinga upande wa pili wa ukuta, Uholanzi wanacheza na Korea Kusini. Kila bao likiingia nilidhani mlango umevunjwa. Yaliingia matano. Suti ya krimu hatukuiona tena mpaka leo. Nilirudi Nakuru na kiatu kimoja, na fundi alikuwa bado anatudai.

Mzee wa Kibuye
Blink, umesikia? Korea, tano bila.

Blink 042
Mzee, tafadhali. Sijazaliwa hapo.

Omwana wa Butere
Elfu moja kwa kila mtu, 1998? Hapo umeongeza chumvi.

Scary wa Section 58
Ndiyo maana tulienda. Na ndiyo maana hatukulipwa.

Nyar Alego ughaibuni
Mngemshtaki.

Kaka wa Free Area
Kwa mashtaka gani, kwamba aliwaita Spice Girls? Dada, samehe. Ila ukimwona, usisamehe.

Mtoto wa Shabab
Baby yuko wapi siku hizi? Nauliza kwa nia njema.

Scary wa Section 58
Ni mchungaji. Usithubutu.

Jakom Nyalenda
Nimejifikiria kama niseme. Nilikuwa ndani. Tiketi ilikuwa pesa yangu yote ya likizo fupi. Huyo wa kwenye benchi namjua, ni mtu wangu wa karibu, leo ni mzee wa kanisa na bado anasikiliza BBC.

Scary wa Section 58
Na wewe ulirusha nini?

Jakom Nyalenda
Muwa. Kipande. Na haukufika jukwaani, ulimpiga jamaa aliyekuwa mbele yangu tukapigana sisi kwa sisi. Samahani lakini.

Nyar Mamboleo
Uzi wangu umetekwa na sina kinyongo.

Jakom Nyalenda
Dada, swali moja tu. Hicho kiatu kilikuwa rangi gani?

Scary wa Section 58
Kwa nini?

Jakom Nyalenda
Jibu kwanza.

Scary wa Section 58
Nyeupe, slipa ya chini ya buluu. Cha kushoto.

Jakom Nyalenda
Mama yangu alikitumia kuzuilia mlango wa banda la kuku mpaka 2011. Ngoja nimpigie simu.