Mrejesho: madoa na makunyanzi usoni, miezi saba baadaye

Ndugu zangu, Januari niliuliza nifanyeje na madoa meusi na makunyanzi. Nina miaka 54, nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, juani kutwa. Asanteni sana.

Nilishika ushauri wa losheni ya kuzuia jua, SPF 50 (kipimo cha nguvu ya kinga), kila asubuhi na tena saa sita mchana, hata mawingu ya Julai yalipotanda. (Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na miale hupenya mawingu.) Madoa yamefifia kweli. Retinoli, ile dawa ya makunyanzi ya kupaka usiku, ilinichoma, ngozi ikabambuka. Nikapunguza hadi mara mbili kwa wiki na kupaka mafuta mazito juu yake, ikatulia. Makunyanzi ya kipaji cha uso bado yapo.

Dada uliyenisihi niache krimu ya kuchubua, Mungu akubariki.