Wasimamizi chipukizi wa zamu: tuwaachie uongozi kwa kiasi gani?

Mzalishaji, Ilemela

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaongoza idara ya uzalishaji katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mwaka huu tumewapandisha vijana watatu kutoka meza ya kukata minofu kuwa wasaidizi wa wasimamizi wa zamu. Kwa kisu hawana mpinzani, kwani kila mmoja anaweza kumtoa sangara mnofu bila kuacha nyama kwenye panki, yaani mifupa inayobaki, lakini usimamizi umewaelemea. Mmoja anazifanya mwenyewe kazi za walio chini yake kwa kuwa anaona haya kuwaagiza watu waliomfundisha, mwingine anafoka, na wa tatu ananipigia simu kwa kila jambo. Tuliwapeleka semina ya siku tatu wakarudi na madaftari yaliyojaa, ila wiki iliyofuata mambo yalikuwa yale yale.

Nataka wajifunze uongozi kwa kuongoza, lakini samaki hasubiri mtu ajifunze: mnofu ukicheleweshwa mezani joto lake linapanda, na shehena nzima inaweza kukataliwa. Je, mliotangulia mliwaachia vijana wenu jambo gani kwanza, na mlijuaje kwamba wakati umefika?

Mstaafu, Igoma

Salaam, mwanangu. Nilikuwa kwenye kazi hiyo mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria, na baada ya pale nilielewa kwamba msimamizi asiyeweza kusema "simamisheni laini" bila kumtazama bosi usoni kwanza hajawa msimamizi bado. Uwezo huo haupatikani darasani.

Mimi nilianza kwa kumwachia kijana sehemu moja, ila nilimwachia yote, nayo ilikuwa mapokezi. Pale getini anakutana na wakala mwenye umri wa baba yake, ambaye ameleta sangara walio chini ya sentimita 50 wasioruhusiwa, au samaki ambao barafu yao imeyeyuka njiani, na inampasa akatae kwa adabu bila kurudi nyuma. Wiki ya kwanza alisimama kando yangu akisikia ninavyozungumza. Wiki ya pili alizungumza yeye, nami nikanyamaza nyuma yake. Wiki ya tatu nilikaa ofisini, naye akaniletea kumbukumbu za zamu jioni. Mipaka tuliiandika mapema: alikuwa na ruhusa ya kukataa samaki, kusimamisha upokeaji na kuhamisha watu, lakini hakuruhusiwa kupokea kilichokwisha kukataliwa wala kumwadhibu mtu. Mipaka ya namna hiyo ndiyo jibu la hofu yako ya hasara, kwa sababu kosa kubwa ambalo angeweza kulifanya lilikuwa kukataa samaki wazuri, na hilo linavumilika.

Wakati wa vita, kati ya 1940 na 1945, Marekani ilikuwa na mpango wa kuwafunza wasimamizi wa viwandani, na hatua zake za kufundisha kazi zilikuwa nne: kumwandaa mtu, kumwonyesha, kumwacha ajaribu, kisha kumfuatilia. Wengi wetu tunaishia kwenye ya pili.

Sasa nikwambie jambo ambalo linaniuma hadi leo. Kijana wangu mmoja alikataa kreti kadhaa, na mwenye mzigo alikuwa wakala aliyetuletea samaki kwa miaka mingi. Nikatoka ofisini na kuzipokea mbele ya wapakuaji wote. Tangu siku ile kijana yule hakuamua lolote tena. Kila swali alilielekeza kwangu, na baada ya miezi michache akaacha kazi. Kama alikosea, ningemsahihisha faraghani. Ukishampa mtu mamlaka, usimnyang'anye hadharani.

Afisa Utumishi, Nyamagana

Naunga mkono, na ninaongeza upande wa sheria. Kabla kijana hajapanga zamu, afahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na kwamba muda wa ziada unahitaji makubaliano na malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Mpe ratiba ya wiki ijayo aipange mwenyewe, kisha ikague kabla haijabandikwa. Masuala ya nidhamu yabaki kwako, ingawa ni vizuri akae kikaoni asikilize jinsi mtu anavyopewa nafasi ya kujieleza.

Msimamizi wa Zamu, Nyakato

Shikamoo mzee wa Igoma, na habari za kazi kaka. Mimi nilikuwa kama yule wa kwanza wako, kwa kuwa mama aliyenifundisha kushika kisu alikuwa kwenye meza niliyokabidhiwa. Nilichofanya ni kufika mapema na kumwamkia shikamoo kama siku zote, kisha nikamweleza pembeni mpango wa siku na kumwomba ushauri kabla ya kutangaza kwa wote. Zamu ilipoanza nilitoa maagizo kwa kila mtu, yeye akiwemo, na kwa kuwa hakuhisi kudharauliwa aliyafuata wa kwanza.

Kuhusu anayekupigia simu, bosi wangu alinitibu kwa swali moja tu: "Wewe ungeamuaje?" Alisubiri nijibu, hata nikichukua muda, na mara nyingi alisema, "Basi fanya hivyo."

Mzalishaji, Ilemela

Marahaba ni ya mzee, dada yangu, lakini shukrani ni zenu nyote. Jumatatu ninaandika mipaka ya mapokezi na kumkabidhi yule wa simu. Mzee, na huyu anayefoka nimwanzishe wapi?

Mstaafu, Igoma

Mpe mtu mmoja mgeni amfundishe kukata minofu kwa wiki mbili, bila meza wala kundi la kusimamia. Kila jioni mwulize mgeni wake ameelewa nini, naye akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza.