Naombeni ushauri: Kilimanjaro, mimi kwa miguu, mdogo wangu kwa baiskeli

Habari zenu wakuu, niko Dodoma, mwezi wa tisa nina likizo na mdogo wangu ambaye ni mtu wa baiskeli kwelikweli kang'ang'ana apande na yake, mimi natembea. Bibi yetu mzaa mama ni wa Marangu, tangu wadogo anatuhadithia vile vilele viwili vya Kilimanjaro, Mawenzi alivyokuwa anazimikiwa moto kila siku anaenda kuomba kaa la moto kwa Kibo mpaka Kibo akachoka akamtwanga, ndo maana kachongoka vile. Nataka nimuone huyo Mawenzi kwa karibu, Uhuru kule juu kabisa tukifika sawa tusipofika sawa. Je tunaweza kupanda pamoja?

MSHARE: Inawezekana mkuu. Wewe pita njia ya Marangu, dogo apite ya Kilema, ndo njia inayoruhusu baiskeli, ni barabara ya gari la uokoaji, mnakutana kambi ya Horombo mita 3,720. Wewe usiku wa kwanza ni kambi ya Mandara, ukiwahi kufika panda kreta ya Maundi. Kibali cha baiskeli kampuni yenu imalizane na KINAPA (hifadhi ya Kilimanjaro) mapema, msiende kuanza kuulizia getini.

MAMA WAWILI: Laleni Horombo usiku wa ziada jamani, msibanie hela hapo. Mchana mnapanda mpaka kwenye yale mawe yenye michirizi ya pundamilia, Mawenzi unamuona huyo hapo juu, mnarudi kulala chini, mwili unazoea. Kichwa kikigonga na kutapika juu mwambieni mwongozaji hapohapo na mkubali kushuka, huo ugonjwa wa mwinuko unaua hata vijana wa mazoezi. Na tipu ya wagumu (wapagazi) itengeni kabla hamjaondoka nyumbani, wale ndo wanabeba kila kitu.

PEDALI: Dogo ajiandae kusukuma baiskeli sana wakati wa kupanda, hewa nyepesi pumzi hamna. Ila kuteremka sasa!! Aweke pedi mpya za breki na glavu nzito, vidole vikifa ganzi kwa baridi breki huishiki, na kona zile zina changarawe.

MLETA UZI: Asanteni sana, nimeelewa. Baiskeli tukodi Moshi au atoke na yake?

PEDALI: Aje na yake aliyoizoea, afungue matairi aifunge vizuri kwenye boksi, basi linapakia chini kwenye buti.