Mjadala: Lupu ya for (amri ya kurudia hatua) ipigwe marufuku kwa wanaoanza VHDL, lugha ya kubuni sakiti?

Fundi_Biti: Wadau mnaofundisha FPGA (chipu unayoipanga sakiti zake mwenyewe) hapa Nairobi, nawauliza. Mwanafunzi anatoka kwenye C, lugha ya programu, anaandika lupu ya mara 1024 ndani ya process (bloku ya VHDL ya amri zinazofuatana), kisha anashangaa chipu imejaa. Sinthesisi, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sakiti, hairudii chochote. Inakunjua lupu na kunakili sakiti mara 1024, na zote zinatakiwa kumaliza ndani ya mpigo mmoja wa kloki. Muhula wa kwanza lupu zikatazwe, wajenge kaunta na mashine ya hali (sakiti inayopita hatua moja baada ya nyingine kwa kila mpigo). Hawa watu wa programu wanatuharibia maunzi.

Binti_Kloki: "Hawa watu wa programu" ni akina nani? Umetukana nusu ya darasa. Kugeuza mpangilio wa biti 32 kwa lupu hakuli geti (kipande cha mantiki) hata moja, ni nyaya tu. Utakataza hilo pia?

Fundi_Biti: Dada, sijamtukana mtu.

Binti_Kloki: Umetukana. Soma tena ulichoandika.

Mzee_Process: Tatizo ni mipaka. Ukiandika `for i in 0 to n-1` na n ni signal (thamani ya waya inayobadilika chipu ikifanya kazi), sinthesisi inakataa kwa sababu idadi lazima ijulikane wakati wa kukompaili, kabla sakiti haijajengwa. Weka upeo wa kudumu, tuseme `0 to 15`, kisha ndani `exit when i = n;`. Ila msidhani exit inaokoa muda. Matatu ya viti 14 haipungui viti kwa sababu abiria ni watatu: hatua 16 zote zimejengwa, exit inaongeza tu mantiki ya kuchagua zipi zihesabiwe.

Waya_Tupu: Mnajitesa bure na VHDL. Hamieni Verilog, lugha nyingine ya kubuni sakiti, mtaandika nusu ya maneno.

Mzee_Process: Verilog hii ambayo ukitangaza `reg [2:0] i` ukaandika `i < 8`, lupu haiishi? Biti 3 zinafika 7, zinarudi 0, sharti linabaki kweli milele. Simulata (programu ya kujaribu sakiti kwenye kompyuta) inaganda na muda hausogei. VHDL inakutangazia i yenyewe na hairuhusu uiguse ndani ya lupu.

Waya_Tupu: Si utumie integer, namba yenye biti nyingi zaidi, mkuu! Na kutoka katikati ya lupu kuna `disable` na jina la bloku, tena SystemVerilog, Verilog iliyopanuliwa, ina `break`. Kwenu VHDL mtu anaandika `jumla <= jumla + 1` mara 32 na inaongezeka 1 tu.

Mzee_Process: Kwa sababu jumla ni signal! Thamani mpya inaingia process ikisimama, kwa hiyo kila mzunguko unasoma ile ya zamani. Tumia variable, inayobadilika papo hapo, na `:=`. Hata kwenu `<=` ndani ya always (bloku ya Verilog inayofanana na process) inafanya vivyo hivyo, usijifanye hujui.

Fundi_Biti: Jamani, swali lilikuwa wanafunzi.

Binti_Kloki: Na variable hiyo, ukihesabu biti zenye 1 kati ya 32, inazaa mnyororo wa vijumlishi, kila kimoja kikisubiri jirani. Baadhi ya programu za sinthesisi hupanga upya, nyingine hazina huruma, zinauacha hivyo hivyo. Kwa kloki ya 100 MHz una nanosekunde 10 tu kwa kila mpigo. Gawanya vikundi vinne vya biti 8, jumlisha kila kikundi peke yake, weka rejista (kumbukumbu ndogo ya kushika matokeo), kisha unganisha kwenye mpigo unaofuata. Lupu inabaki ileile, ya mara 8. Hili ndilo la kufundisha, Fundi, na hao wa programu wataliandika vizuri kuliko wewe.

Fundi_Biti: Bado tu hilo neno?

Binti_Kloki: Bado. Lifute.