"Kwani babu yako alikuwa nani?" Leo nimeulizwa hivyo mbele ya foleni nzima!

Wadau, naandika nikiwa kwa matatu, mikono bado inatetemeka. Ile ofisi ya mafaili ya zamani mnaijua. Na yule jamaa wa dirishani, anayejibu watu macho yakiwa kwa simu, mnamjua pia.

Nilienda kuulizia faili la babu. Aliwekwa kizuizini kambi ya Manyani 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, na tangu arudi hakutamka neno juu ya kule hadi tulipomzika. Nataka tu kuona jina lake kwa karatasi. Hii ni safari ya nne. Ya kwanza faili "limetoka". Ya pili mwenye ufunguo yuko likizo. Ya tatu stima imepotea. Leo ananipima kutoka viatu hadi kilemba, halafu kwa sauti ya kuamsha wafu wa Lang'ata: "Kwani babu yako alikuwa nani?"

Alikuwa nani! Kwani lazima awe waziri ndio nisome faili lake?

Nikamtolea nakala ya ombi langu, ina muhuri wao wa Februari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Akaisukuma kwa ncha ya kidole, kama sahani ya mboga iliyochacha. Nikamtajia Ibara ya 35 ya Katiba, ile ya haki ya kupata habari. Akaniuliza TENA babu alikuwa nani. Mlinzi akacheka. Mlinzi!

Kamau_wa_Kayole: Pole dada. Lakini Ibara ya 35 dirishani saa saba mchana, mtu akiwa na njaa? Ulitafuta hiyo vita mwenyewe.

Mama Njeri: Wewe Kamau nyamaza. Mwenzako anatafuta babu yake.

Otis254: Labda faili lilipanda ndege na Waingereza. Mafaili mengi waliyaondoa kabla ya uhuru wakayaficha Hanslope Park, kituo cha serikali yao kule Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza kwa mateso ikayafichua 2011. Siku hizi yako kwa hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, Kew, London. Panga nauli.

Mwenye uzi: Otis, la babu liko hapa hapa! Nambari yake naijua, niliisoma kwa orodha yao wenyewe. Nauli ya London ya nini? Na hata kesi ile, 2013 Uingereza ilikubali kulipa wazee 5,228, babu hakuwa kati yao kwa sababu alikuwa ameshakufa. Imebaki hiyo karatasi tu. Halafu naulizwa alikuwa nani.

Shosho_Tech: Wewe umeulizwa babu. Mimi kwa ile ofisi ya mashamba nimeambiwa faili limeliwa na panya. Ekari mbili na nusu! Panya gani huyo?

Kamau_wa_Kayole: Shosho, huyo panya ana gari na nyumba Ruiru.

Mama Njeri: 😂😂 Mimi ni pensheni ya marehemu mume wangu. Miaka sita naambiwa "rudi Jumanne".

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwa mambo ya babu...

Otis254: Mama Njeri, Jumanne hakuna mtu. Enda Alhamisi asubuhi, kabla ya chai.

Shosho_Tech: Na nakala moja sasa wanatoza ngapi? Mimi nimelipa shilingi hamsini kwa ukurasa ambao hausomeki.

Mama Njeri: Hamsini?! Wapi huko?