Msaada: bia ya mtama lita 10, vipimo havifiki

Kimea_Moro
Wakuu, nimechukua mapishi ya bia ya shayiri ya lita 20, nikagawa kwa mbili, na mahali pa shayiri nikaweka mtama. Kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kilo 2.5, kimekaa kwenye maji ya nyuzi 67 kwa saa moja. Tone la iodini limebaki jeusi (yaani wanga bado upo), haidromita (kipimo cha sukari iliyoyeyuka) inasoma 1.022 badala ya 1.045, na kuchuja kumekula saa tatu. Chumba kina nyuzi 29 hadi 31. Niongeze kimea? Na mapishi ya mtu mwingine yanageuzwaje kuwa yangu?

Pipa_la_Babu
Usiongeze kimea mkuu. Piga hesabu kwanza: pointi 22 (tarakimu za mwisho za 1.022) mara lita 10 ni 220, gawa kwa kilo 2.5, unapata 88 kwa kila kilo. Lenga 180 kwa kilo. Hapo kilo zako 2.5 zinatoa 450, yaani hiyohiyo 1.045. Uzito ulikuwa sawa, njia ndiyo siyo.

Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi 60 na kidogo, kwa hiyo 67 inautosha. Wanga wa mtama ndiyo kwanza unaanza kufunguka hapo 68, na mwingine unadai hadi 78. Ukipandisha moto kuufuata, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinakufa. Dawa ni kuvitenga kabla ya kupika:

1. Koroga kimea kilichoparazwa kwenye lita 9 za maji ya nyuzi 45. Acha dakika 40, kisha kitulie.
2. Teka taratibu lita 3 za maji ya juu, weka pembeni. Yasiguse moto kabisa, vimeng'enya vimo humo.
3. Uji mzito uliobaki upandishe hadi nyuzi 70, ushikilie hapo dakika 10 ulegee, kisha uchemshe dakika 20 huku unakoroga. Ukiungua chini, harufu ya moshi haitoki tena.
4. Upoze hadi 74, rudisha zile lita 3. Mchanganyiko utatua karibu na 64. Funika kwa blanketi dakika 90.
5. Pima iodini kwenye kisahani (kisahani hicho kimwage, usirudishe sufuriani). Ikibaki rangi ya chai umemaliza. Ikiwa nyeusi, ongeza nusu saa.

Machicha suuza kwa lita 5 au 6 za maji ya nyuzi 75. Utapata kama lita 12. Chemsha saa moja, zibaki 10.

Kuchuja kunakwama kwa sababu mtama hauna maganda kama ya shayiri. Changanya gramu 150 za makapi ya mpunga yaliyooshwa vizuri, na usisage unga laini. Paraza tu.

MamaUlezi
Naongezea. Mtama una upungufu wa kimeng'enya kinachotoa sukari ambayo hamira inaila, ndiyo maana bia yake huishia nzito. Badili asilimia 30 ya kimea iwe ulezi, yaani mtama kilo 1.75 na ulezi gramu 750. Wapishi wa mbege na busaa hawautumii ulezi bure. Njia nyingine ni kiazi kitamu kibichi kilichokwanguliwa, gramu 200, kitiwe ile hatua ya nne joto likishashuka kwenye 64. Kina kimeng'enya hichohicho kwa wingi.

Kama kimea unaotesha mwenyewe, hili zingatia sana: kikikauka, kisugue na kukipepeta mpaka vimizi na vichipukizi vyote vitoke. Kwenye mtama sehemu hizo zina dhurini, ambayo hutoa sumu ya sianidi. Usizisage pamoja na punje. Kukausha kusizidi nyuzi 50, la sivyo unaua vimeng'enya kabla hujaanza.

Kimea_Moro
Asanteni sana. Na joto la chumba? Sina friji ya kuchachushia.

Hamira_Pwani
Hamira ya kawaida ya bia inataka 18 hadi 20. Kwenye 30 inatoa pombe nzito zinazochoma koo. Tafuta kveiki, hamira ya mashambani ya Norwe. Aina ya Voss hufanya kazi safi kwenye 35 na huacha harufu kidogo ya chungwa. Ukiikosa, weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe kitambaa kibichi, na badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda.

Haidromita nyingi zimepimiwa nyuzi 20. Ukisoma kwenye 30, ongeza kama 0.002 au 0.003.

Usitie chupani mpaka usomaji ulingane siku tatu mfululizo. Sukari gramu 60 kwa lita 10, ichemshwe na maji kidogo kwanza. Ukikisia kwa kijiko, chupa zitapasuka.

Pipa_la_Babu
Swali la kugeuza mapishi: usinakili gramu. Nakili asilimia za nafaka, usomaji wa mwanzo wa haidromita na uchungu, kisha rudi kwenye gramu kwa hesabu ya sufuria yako. Hopsi (maua yanayotia bia uchungu) zenye asidi chungu asilimia 6, gramu 12 zikichemka saa nzima, robo ya asidi ikiingia kwenye bia: 12 × 0.06 × 0.25 × 1000 ÷ 10 = miligramu 18 za uchungu kwa lita. Kwa 1.045 uchungu huo ni wa wastani. Hopsi zako zikiwa za asilimia 9, weka gramu 8.

Ikiishia 1.012: tofauti na 1.045 ni 0.033, zidisha kwa 131.25 (namba ya kudumu ya hesabu hii), pombe asilimia 4.3.

Majaribio fanya ya lita 4, na kila mara badili kitu kimoja tu. Mara ya kwanza pika kwa hatua zile tano bila kiazi. Ikiishia juu ya 1.015 na imetulia, mara ya pili ongeza kiazi, hopsi na hamira zibaki vilevile. Andika joto la kila hatua, siyo lile tu lililoandikwa kwenye mapishi.